UZI: Macbeth moja, Arua walicheka, Wobulenzi walinyamaza. Nani aongee lugha gani stejini?

mzee_wa_steji

Wakuu habari za usiku. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite, mwenye chai akae.

Mimi nafundisha litrecha na pembeni nina kikundi cha maigizo huku Arua, Uganda, tupo kumi na wawili tu, wengine bodaboda, wengine wanauza laini za simu, wawili walimu wenzangu. Mwaka jana tulichukua Macbeth ya Shakespeare tukaikata mpaka ikabaki kama dakika 70 hivi. Kukata haikusumbua sana, hiyo ndiyo fupi kuliko tanzia zake zote. Kilichotutoa jasho ni lugha.

Tukakubaliana hivi. Mbele ya mfalme Duncan watu wote Kiingereza cha kitabu, manake ndivyo tulivyo, ukiwa mbele ya wakubwa unatoa Kiingereza chako cha Jumapili hata kama kinakubana shingo kama tai. Macbeth na mkewe wakiwa wawili nyumbani, Kilugbara, lugha ya huku. Na Macbeth akiwaita wale wauaji wakamuue rafiki yake Banquo, hapo Kiswahili, tena sio cha shule, Kiswahili cha kambi ya jeshi. "Wewe! Kuja hapa. Wewe natoka wapi?"

Arua walicheka mpaka kijana wetu akasahau mstari unaofuata. Huku Kiswahili ni cha soko na cha stendi, mama wa samaki anakuita kwa Kiswahili, kwa hiyo waliona tu kama mfalme kashuka sokoni kutafuta samaki wa angara na anataka kupunguziwa bei.

Wiki 3 baadaye tukaenda Wobulenzi. Kilugbara tukatoa tukaweka Luganda, vijana wawili wa kule walitusaidia, Kiswahili tukaacha vilevile. Ukumbi umejaa, watoto mbele kwenye mikeka, wazee nyuma kwenye viti vya plastiki. Macbeth akaingia, "kuja hapa", mimi nasubiri kicheko. Hakuna. Nikasikia bati tu likilia kwa joto. Halafu inakuja sehemu ya kumkamata Banquo na kijana mmoja anayecheza muuaji, mtoto wa 2003 huyo, akaongeza neno lake ambalo hatukuliandika popote. Akamsukuma Banquo akamwambia "panda gari!"

Nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika tochi. Mama mmoja mstari wa nyuma kabisa akamshika jirani yake mkono, akainuka, akajifunga leso vizuri, akatoka. Hakukimbia wala hakugeuka. Baada yake wakatoka wengine wawili.

Wasiojua, panda gari ni ile misako ya jeshi mwanzoni mwa miaka ya 80, Kampala na pembeni yake. Mtaa unazungushwa, watu wanapakiwa lori, wengine hawakurudi. Na Wobulenzi iko Luweero, sina haja ya kueleza Luweero iliona nini vitani 1981 mpaka 1986. Kijana wetu neno alilisikia kwa babu yake, analisema kama utani wa familia.

Sasa hoja yangu. Watu wakizungumzia kumleta Shakespeare Afrika wanakimbilia mavazi. Mvishe Macbeth lubugo, ile nguo ya gome la mti, wape wale wachawi vibuyu na manyoya, piga ngoma, basi umeshafanya ya Kiafrika. Mimi nasema huku kwetu Uganda lugha ndiyo vazi. Mtu akifungua mdomo tu ukumbi mzima umeshajua ni nani, katoka wapi, ana bunduki au hana. Na lubugo lenyewe lilituaibisha, Duncan tulimvisha lubugo tukidhani ni heshima ya kifalme, mzee mmoja Wobulenzi akaniuliza baada ya onyesho, "ssebo, yule mfalme mbona mlimzika kabla hajauawa?" Kumbe yeye lubugo analiona kwenye maziko.

Karibuni tubishane.

binti_wa_jinja

Bannange huyo mama amekaa moyoni mwangu. Mlimtafuta? Au mlifunga tu vyombo mkarudi Arua?

mzee_wa_steji

Tulimtafuta nnyabo. Tulilala pale, asubuhi tukaenda kwake na sukari kilo 2. Alitupokea vizuri sana, akatupa chai, na hakuliongelea kabisa. Akamuuliza yule kijana ana miaka mingapi, basi.

profesa_wa_kikomando

Mzee hadithi yako nzuri na pole kwa yaliyotokea, ila niseme ukweli hata kama nitapigwa mawe. Hiyo mliyoonyesha sio Shakespeare. Shakespeare ni Kiingereza chake, ile midundo, ile mistari. Ukitoa hiyo unabaki na stori ya mtu kamuua bosi wake akachukua kiti, na stori kama hiyo kila kijiji kinayo. Mimi nilisoma A level, kwenye pepa ya tamthilia tulikuwa tunakariri mpaka tunaota. Ile hotuba ya Macbeth akiambiwa mkewe amekufa, kesho na kesho na kesho, hiyo utaisemaje kwa Kilugbara au Luganda ibaki na uzito?

mzee_wa_steji

Profesa sikurushii mawe, kaa.

Ila umejijibu mwenyewe, umeandika "kesho na kesho na kesho" na nimeisikia inavyoburuta miguu. Hebu isome kwa sauti taratibu. Ile "na" katikati inafanya kazi ileile, mtu kachoka anahesabu siku kama mfungwa. Luganda ikanipa zawadi ambayo sikuiomba kabisa. Kesho wanasema enkya, na ndani ya neno hilo kuna asubuhi, kwa hiyo enkya n'enkya n'enkya unasikia asubuhi juu ya asubuhi, kumekucha tena, na tena, na mke hayupo. Kiingereza cha leo hakina hiyo. Kuna mahali tunapoteza, sikatai, ila kuna mahali tunaokota.

Halafu hii ya kusema Shakespeare ni Kiingereza tu, mkuu, yeye mwenyewe hakukubaliana na wewe. Kwenye Henry V kuna onyesho zima karibu lote Kifaransa, binti wa mfalme anafundishwa majina ya viungo vya mwili. Mlemle kuna kapteni Mwelshi, Mskoti na Mwairishi, kila mmoja anavunja Kiingereza kivyake na watu wa London wanacheka, kama sisi tunavyocheka lafudhi za wenzetu kwenye redio. Na Henry IV ile ya kwanza ndiyo kali zaidi, kuna mke anaongea Kiwelshi na mumewe hamwelewi, na kitabu hakikuandika hata neno moja la hicho Kiwelshi. Kimesema tu mama anaongea Kiwelshi. Mwigizaji ajitafutie! Sasa mtu aliyeacha shimo kama hilo ndani ya skripti yake ananikataza nini mimi?

Hata ndani ya Macbeth yenyewe lugha inabadilika. Wakubwa wanaongea kwa mashairi, yule bawabu mlevi anaongea maneno ya kawaida, na Lady Macbeth akianza kutembea usingizini naye mashairi yanamtoka, anabaki na maneno matupu ya kawaida kama mtu wa mtaani. Wenzetu waliokuwa wanasikiliza kwa Kiingereza masikio yao yalishika hilo. Masikio ya Wobulenzi hayashiki mizani ya Kiingereza, yanashika nani kaongea Kiswahili.

profesa_wa_kikomando

Sawa hiyo ya mke Mwelshi sikuijua. Naendelea kusoma ila sijahama.

bodaman_ntinda

Mimi sikusoma hizo za A level ila uzi nimeupenda. Swali, huyo bawabu mlevi mlimfanyaje? Na mtu anatakaje kuchekesha watu wakati mfalme ameuawa juu ghorofani?

mzee_wa_steji

Hahaha bodaman hapo ndipo pesa yetu ilipo. Bawabu ni askari wa geti. Kila Mganda anamjua askari wa geti, koti kubwa, redio ndogo, mlango unagongwa nusu saa yeye anatafuta kiatu. Anajifanya ni bawabu wa jehanamu anawakaribisha watu waliokufa. Kwenye kitabu anawakaribisha watu wa wakati ule, mmoja ni mjanja wa kuapa huku na huku, na hapo wataalamu wanasema ni kijembe cha padre Garnet aliyenyongwa 1606 baada ya ile njama ya kulipua bunge la London mwaka mmoja kabla. Sasa niambie nani anamcheka padre Garnet leo, hata London kwenyewe hawamcheki mpaka wasome maelezo chini ya ukurasa. Kwa hiyo sisi tukamkaribisha kontrakta wa barabara, "ingia ssebo, huku lami haikosekani, ni ya moto." Ukumbi ukavunjika.

Ila kuna mahali tulichekesha bila kutaka. Mnakumbuka mwishoni Macbeth ameambiwa hatashindwa mpaka msitu wa Birnam utembee uje kwake, na wale askari wanakata matawi wanajifunika wanakuja nayo. Vijana wetu wakaingia na matawi ya mwembe, kijana mmoja akaangusha lake katikati ya steji, mtu nyuma akapiga kelele "gari imekufa mbele!" Si unajua barabarani ukiona matawi yamelazwa ujue kuna lori limeharibika. Vita ikaishia hapo, hata Macbeth alikuwa anacheka wakati anauawa.

bodaman_ntinda

😂😂 mimi ningeuliza trafiki yuko wapi

Sasa mkuu mkimaliza hiyo fanyeni ile ya kilo ya nyama ya mwilini. Mtoto wangu alinihadithia. Huyo ni mani lenda kabisa, mkopesha pesa wa Kampala, kasoro huyu wa kwetu hataki nyama anataka kyapa, hati ya shamba, na kadi yako ya benki na namba ya siri.

mwalimu_masindi

Bodaman hiyo ni Mabepari wa Venisi, ndivyo alivyoiita Nyerere kwa Kiswahili 1969. Na hapo tazameni jinsi jina peke yake linavyofanya kazi. Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara mmoja tu wa Venice, na huyo mfanyabiashara ni Antonio, yule mtu mwema anayekopa, sio Shylock, mkopeshaji anayetaka nyama. Mwalimu kaja kasema mabepari, wengi, wote mle ndani. Na hiyo ni miaka 2 tu baada ya Azimio la Arusha. Hajabadilisha hata tukio moja ila ukifungua jalada umeshaambiwa usimwonee huruma mtu yeyote mle mwenye meli na hela.

Ila Uganda mimi ningeiogopa hiyo tamthilia. Sababu mnaijua. Shylock ni mtu wa jamii ndogo, mkopeshaji, anatemewa mate barabarani, mwishoni anapokonywa mali mahakamani na watu wanashangilia. Ukimvisha Shylock nguo za Mhindi Kampala, mji ambao Wahindi walipewa siku 90 mwaka 1972, unacheza na moto. Unaweza kuifanya watu wajione walivyoshangilia, au unaweza kuwafanya washangilie tena. Mstari katikati hapo ni mwembamba kama wembe na mimi simwamini dairekta yeyote niliyewahi kumwona kwamba ataupita bila kuteleza, nikiwemo mimi.

bodaman_ntinda

Basi mani lenda awe Mganda mwenzetu. Wapo.

mwalimu_masindi

Hapo umenena, lakini ukifanya hivyo umetoa sumu yote, inabaki kesi ya mkopo. Shylock anachukiwa kwanza halafu ndiyo anakopesha.

kijana_wa_bombo

Nimesoma kimya toka juu sasa niseme. Mzee nakuheshimu ila hii ya Kiswahili kuwa lugha ya wauaji mimi inaniuma. Sisi Wanubi wa Bombo Kiswahili na Kinubi ndivyo tulivyokulia, mama zetu walitubembelezea, leo kila igizo la Kampala akitokea mwizi au askari katili anaongea Kiswahili, akitokea mchumba anaongea Luganda. Watoto wetu wanaona aibu kuongea kwenye teksi. Wewe mtu wa Arua ulipaswa kulijua hilo kuliko wote, na umekuja kuongeza kuni.

Mfano mwingine upo hapa jirani. 2012 kule London kwenye ule ukumbi wa Globe walifanya tamthilia 37 kwa lugha 37, na Sudan Kusini, nchi ilikuwa haijatimiza hata mwaka, walipeleka Cymbeline kwa Kiarabu cha Juba. Hicho ni ndugu wa Kinubi, mimi kipande nilichoona mtandaoni nilielewa karibu chote. Cymbeline ni mfalme wa Uingereza anayekataa kulipa kodi kwa Roma. Hebu fikiria watu waliotoka vitani juzi wanasema maneno hayo, kwa lugha ambayo wasomi waliiita ya sokoni, na humo ndani wafalme wanaiongea, wapenzi wanaiongea, kila mtu. Hakuna aliyewekewa Kiingereza kuonyesha ni mkubwa. Hiyo ndiyo heshima. Ya kwenu mmerudisha ngazi ileile ya mkoloni, Kiingereza juu, Kiswahili chini na bunduki.

mzee_wa_steji

Kijana wa Bombo nimekusoma mara mbili na sina jibu la haraka. Nitarudi.

mswahili_tanga

Hodi wanajukwaa, mimi jirani kutoka Tanga.

Kwanza nimwongezee mwalimu wa Masindi. Kiswahili kina akiba ya hizi kazi kuliko watu wanavyodhani. Askofu Steere alichapa Zanzibar hadithi chache za Shakespeare tangu miaka ya 1860, kwa Kiswahili, kabla reli ya Uganda haijawa hata ndoto. Nyerere alitoa Julius Caesar 1963, akairudia 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hiyo Macbeth mnayoihangaikia S. S. Mushi aliitafsiri 1968, na Tufani mwaka uliofuata. Na hukohuko Globe 2012 ile tamthilia yake ya wake wa Windsor ilienda kwa Kiswahili, kikundi kutoka Kenya, na yule mnene mlafi Falstaff kachezwa na Mrisho Mpoto wa kwetu. Falstaff kwa Kiswahili ni mjomba yule unayemjua, anakopa kwako halafu anamtongoza mkeo. Hakuna bunduki pale, ni ucheshi mtupu. Kwa hiyo namuunga mkono wa Bombo.

Ila mzee nina swali ambalo naona hujalifikiria. Malcolm mmemwekea lugha gani? Mwana wa mfalme aliyeuawa, katorokea Uingereza, anarudi na jeshi la wageni watu elfu kumi kumng'oa dikteta. Huyo akija na wale askari wake wanaongea nini? Manake mimi baba yangu alikuja kwenu na jeshi letu 1979. Na hakuja akiongea Luganda.

binti_wa_jinja

Eh. Nimekaa chini.

mwalimu_masindi

Mswahili umefungua mlango ambao nilikuwa nausogelea taratibu. Wacha niseme hili halafu nilale.

Obote, huyu aliyekuja kuwa rais wetu, alipokuwa mwanafunzi Makerere alicheza Kaizari, Kaizari mwenyewe, kwenye onyesho la chuo. Miaka inapita, Januari 1971 yuko Singapore kwenye mkutano, mkuu wake wa jeshi, Idi Amin, anamchukulia nchi. Anakimbilia wapi? Dar es Salaam, kwa Nyerere, naye alipita Makerere miaka michache kabla yake. Kwa hiyo miaka yote ile ya 70 mtu aliyecheza Kaizari ni mgeni nyumbani kwa mtu aliyetafsiri Kaizari. Sijui kama waliwahi kukaa jioni wakaliongelea hilo, ila mimi ningetoa ng'ombe nisikilize. Na huyo aliyempindua akaja kujiita mfalme wa Scotland, yaani alikuwa na nchi nzima ya kujichagulia vyeo akaenda kuchagua kiti kilekile cha Macbeth.

profesa_wa_kikomando

Mwalimu hii kitu ni kweli au unatunga??

mwalimu_masindi

Ni kweli profesa. Shakespeare angeileta hivyo stejini tungesema kazidisha chumvi.

nyama_choma_gulu

Mimi nauliza tu kitu kimoja, kwa nini Shakespeare lakini? Byron Kawadwa aliandika Oluyimba lwa Wankoko, wakaipeleka kwenye tamasha la FESTAC Lagos 1977, mwaka huohuo akakamatwa akauawa. Mtu wa kwetu, aliuawa kwa ajili ya tamthilia ya kwetu, kwa lugha ya kwetu. Watoto wenu wanamjua? Mmechukua Mzungu aliyekufa 1616 mnampakia kwenye basi la Wobulenzi. Pelekeni Kawadwa.

mzee_wa_steji

Nyama choma una haki na sitabishana. Kawadwa alipaswa kuwa kwenye kila shule. Ninachosema ni kwamba Macbeth ina faida moja ya kijinga, ni ya mbali. Nikipanda stejini na tamthilia ya mtawala wa hapa nitaulizwa kibali, nitaulizwa namaanisha nani. Nikisema ni mfalme wa Scotland wa miaka elfu iliyopita kila mtu anatabasamu na kila mtu ameelewa. Wenzetu waliofungwa Robben Island walikuwa na kitabu cha Shakespeare kimefunikwa kwa picha za miungu ya Kihindu, askari wanadhani ni msahafu, na Mandela akaweka sahihi yake 1977 pembeni ya maneno ya Kaizari kwamba mwoga hufa mara nyingi kabla ya kufa. Umbali ni blanketi.

Sasa nimjibu wa Bombo na wa Tanga kwa pamoja, nimelala na maneno yenu siku 2.

Wa Bombo, umenikamata. Nilidhani napindua ngazi kumbe naipaka rangi. Ukweli ni kwamba niliwaza ukumbi utasikia nini, sikuwaza mtu kama wewe ukiwa umekaa humo ndani utasikia nini. Pole ndugu yangu.

Wa Tanga, Malcolm tulimpa Kiingereza, kwa uvivu tu, katoka Uingereza basi Kiingereza. Ulipouliza nikampigia simu yule mama wa Wobulenzi, namba alitupa siku ile ya chai. Nikamuuliza 1979 wale askari wa Tanzania walikuwaje. Kwanza akacheka, mara ya kwanza kumsikia anacheka. Akasema walikuja kwake wakaomba maji. Akasema tena, WALIOMBA. "Shikamoo mama, tunaomba maji ya kunywa." Yeye alikuwa anajua Kiswahili cha "lete maji" peke yake, hakujua kwamba lugha ile ina neno la kuomba. Akaongeza kwamba baadaye mambo yalibadilika, lakini siku ile ya kwanza anaikumbuka kwa neno hilo.

Kwa hiyo Kiswahili ni viwili, wakuu, na mtu wa Uganda wa umri ule anavitenganisha kwa neno moja tu, kuja hapa na njoo hapa. Sasa tunafanya upya. Banquo anaongea Kiswahili kizuri tangu mwanzo, na mwanawe, kile cha nyumbani, cha Bombo kama kijana wetu akikubali kutusaidia. Malcolm anarudi na Kiswahili cha "tunaomba". Na Macbeth, yeye anaanza tamthilia akiongea vizuri kama wenzake, ila kila akiua lugha yake inavunjika kidogo, mpaka mwishoni amebaki na amri tupu. Sio kwamba Kiswahili ndicho kilichoua, yeye ndiye aliyekiua. Na "panda gari" tumetoa.

kijana_wa_bombo

Hapo sawa. Nitakuja. Nauli juu yenu.

mswahili_tanga

Mwambie Malcolm asiseme "shikamoo" kwa Macbeth tu 😂

profesa_wa_kikomando

Bado sijahama ila nimefungasha begi. Kuna yule Mjapani Kurosawa 1957 alifanya filamu ya Macbeth bila mstari hata mmoja wa Shakespeare na nilipoiangalia niliogopa kuliko darasani. Niliificha hiyo kwenye mabishano, sasa nakiri.

binti_wa_jinja

Mzee wachawi je? Hujawagusa.

mzee_wa_steji

Wachawi nimeshindwa, nisiwadanganye. Mfalme James aliyekuwa London wakati ule aliandika kitabu kizima cha mambo ya kishetani 1597, kwa hiyo kwa watu wake haikuwa mchezo. Sisi tukiwavisha vibuyu wanakuwa waganga, na mganga anatibu, ni kumtukana. Wale kazi yao ni ya mpiga ramli lakini roho ni ya mchawi. Wobulenzi vijana walitaka wawe abasezi, wale wanaocheza uchi usiku makaburini, lakini msezi anatisha, hakwambii utakuwa mfalme. Kwa sasa ni wanawake watatu wanauza karanga stendi usiku, wanajua kila mtu. Ikiwa mbaya tutabadilisha.

binti_wa_jinja

Na Lady Macbeth akitembea usingizini? Arua Kilugbara, Wobulenzi Luganda, sasa kwenye hii mpya anaota kwa lugha gani?

mzee_wa_steji

Nilikuwa sitaki kuliandika hili bado, lilitokea Jumamosi kwenye mazoezi. Dada anayecheza hiyo sehemu kwao ni Kajo Keji, Sudan Kusini, alikuja Uganda mtoto, amekulia kambi ya wakimbizi ya Bidibidi. Kilugbara anaongea, Luganda alikariri. Nikamwambia leo fanya kwa lugha unayoota. Akachukua jagi, akakaa chini kwenye sakafu, akaanza kunawa na kuongea Kikuku, lugha ya kwao, polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto. Hakuna aliyeelewa kitu. Kwenye kitabu pale daktari amesimama pembeni anaandika kila anachosema. Daktari wetu ni yule kijana wa 2003, tulimbadilishia nafasi. Alikaa na daftari na kalamu muda mrefu, halafu akanigeukia, "Mwalimu, sasa mimi niandike nini?"